Mwenye Kiti cha Nyuma

Pikipiki ilikuwa imelala kwa nyuma. Si sana, upana wa vidole viwili tu, lakini mtu aliyeijenga mwenyewe kipande kwa kipande huliona jambo kama hilo upesi kuliko anavyoona mvi zake. Kromu alichuchumaa nyuma ya gurudumu, akazibonyeza springi zote mbili, akapima upepo wa tairi. Kila kitu kilikuwa kizima. Juu yake hapakuwa na mtu wala mzigo, na bado ilikaa kama imebeba.

Akachukua spana akakaza springi. Hiyo ndiyo shida ya mafundi: kila la ajabu kwao ni nati iliyolegea.

Walimwita Kromu kwa sababu hakuweza kupita karibu na chuma bila kukisugua. Mchana alitengeneza pikipiki za watu, zile za kubeba abiria na magunia. Siku za mapumziko alikuwa wa hii moja, dude zito la kukalia chini na kunyoosha miguu mbele, usukani wake mpana umerudi nyuma kama pembe za ng'ombe. Tangi alilipaka rangi ya damu ya mzee, na mabomba mawili ya moshi aliyapinda kwa mikono yake. Likinguruma, madirisha ya mtaa mzima yalitetemeka na majirani walimtukana, naye alitabasamu kama bwana harusi.

Mke wake alikuwa mshonaji wa viti vya magari na pikipiki, katika chumba kilichopakana na karakana. Alilivumilia lile dude kwa ahadi moja: likikamilika, kiti cha nyuma ni chake, na hakuna mwingine atakayekikalia. Ndoa yake ilikuwa imeliwa na chuma, basi alitaka walau apate mahali pake juu ya hicho chuma. Hakuomba kingine.

Kiti chenyewe kilitoka kwa muuza vyuma chakavu, kwenye pikipiki iliyopondeka mbele yote lakini nyuma haina hata mkwaruzo. Kilikuwa na umbo zuri, na katikati kina bonde la mtu aliyekikalia kwa muda mrefu. Mshonaji alitaka kuivua ngozi ya zamani kwanza. Ndiyo kanuni ya kazi yake: cha zamani huvuliwa, sponji likaanikwa juani, ndipo kipya kikavalishwa. Kromu akakataa. Umbo lingeharibika, tena yeye roho ilikuwa juu, anataka kuendesha wiki hiyo hiyo. Akamwambia ashone juu yake. Mke akashona ngozi mpya juu ya ile ya zamani, huku akinung'unika kwamba sindano inaingia kama kwenye kitu kibichi, na sindano zikamvunjikia ovyo siku nzima.

Sasa, Kromu alikuwa na tabia ya waendeshaji wengi. Hakuwa akigeuka kumtazama abiria. Anawasha, anasema "Panda," anasubiri springi zizame, zikizama, anaondoka.

Siku ya matembezi ya kwanza, jua likiwa utosini, alisema hivyo, nyuma pakazama, akatia gia. Akaenda hadi nje ya mji, kwenye barabara ndefu isiyo na matuta, mashine ikinguruma chini yake kwa utamu hata akawasamehe wateja wake wote wakorofi. Njia nzima alimpigia mkewe soga. Akamwambia ambayo nyumbani yalimshinda: kwamba anajua amemtelekeza, na kwamba tangu leo mahali pake ni hapo, nyuma yake, milele. Kila mara alijibiwa "mm," na mikono ikamkaza kiunoni.

Simu ikatetemeka mfukoni. Akasimama kando ya barabara kuipokea.

"Umeniacha getini," alisema mkewe. "Nilikuwa nafunga mlango. Umeondoka na nani?"

Mikono ilikuwa bado kiunoni mwa Kromu. Alitazama chini. Hakuona mikono. Aliona shati lake limekunjamana, limebonyea pande zote mbili kwa umbo la vidole, na vidole hivyo vikawa vinaachia kimoja kimoja, taratibu, kisha nyuma ya pikipiki pakanyanyuka kama mtu anayeshuka kwa hiari yake.

Nyumbani hakusadikiwa. Mke alijua la kufikiri, kama mke yeyote angelijua: kuna mwanamke. Akamnunia, akamtengea chakula bila neno. Walikuwa wanakula hivyo, kila mtu na sahani yake, waliposikia kucha zikigonga ngozi kule karakanani, polepole, kama mtu aliyechoka kusubiri. Harufu ikaingia, ya ngozi iliyolowa ikavunda. Mke akaweka kijiko chini na ugomvi ukaishia hapo.

"Nani yuko huko?" alinong'ona.

"Hakuna mtu. Karakana nimeifunga."

"Basi huyo 'hakuna mtu' wako ana kucha ndefu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Kromu alishikilia kwamba ni springi, akazikaza tena, na kuthibitisha akampandisha mkewe wazunguke mtaa mchana kweupe. Hawakufika mbali, kwa sababu walipoikaribia kona mke alihisi kitu kinajipenyeza kati ya kifua chake na mgongo wa mumewe, kitu cha baridi kisichoonekana lakini kilichojaa, kikimsukuma nyuma kidogo, na kidogo tena, kama abiria mkaidi anayedai nafasi, naye akapiga kelele asisikike kwa muungurumo, akashika shati la mume likamponyoka, mpaka alipojikuta lamini, kiwiko kimechanika, akilitazama dude likienda na nyuma yake bado imezama.

"Kinataka mahali pangu," alimwambia mumewe alipomrudia. Alikuwa analia. "Safari nyingine kitaniua."

Kromu naye akalia, na ndipo alipokubali shangazi aitwe.

Shangazi wa mke alikuwa mganga wa mambo hayo, mwanamke mnene asiye na subira, anayechukia pikipiki kwa kelele zake. Alisimama karakanani, akanusa, akauliza maswali machache, akamgeukia Kromu.

"Huyu hakuja kwa nguvu, baba. Ulisema panda, akapanda. Ukamwambia mahali pake ni hapo milele. Jini ukimpa neno, halisahau."

"Nilidhani ni mke wangu, shangazi."

"Ulidhani kwa makalio ya pikipiki. Kuanzia leo usiondoke kwa uzito. Geuka, umwone mkeo kwa macho yako, ndipo uondoke."

Kucha zilizokuwa zikigonga kiti tangu walipoingia zikanyamaza, kama mtu aliyetega sikio. Shangazi alikuwa ameshaanza dua, hakuliona hilo.

Mshonaji akashika wembe. Aliikata ile ngozi mpya aliyoishona mwenyewe, mshono kwa mshono, na alipoifikia ile ya zamani iliyokuwa chini, akaikuta ina joto, imelowa, inapanda na kushuka chini ya kiganja chake, na ncha za sindano zote zilizomvunjikia zimesimama ndani yake zikielekea juu, kwa atakayekaa, na harufu ikawajaa midomoni hata wakatapika, lakini shangazi hakukatisha dua yake mpaka kiti chote kilipotupwa kwenye moto wa uani, kikalia kama mtu anayeungua, kikaisha. Springi zikanyanyuka kwa mlio mkubwa. Pikipiki ikasimama wima, na watu watatu wakakaa chini wakahema.

Mke alishona kiti kipya tangu mwanzo, sponji jipya, ngozi mpya. Kromu akalegeza springi zikarudi zilivyokuwa. Wiki zikapita bila harufu, bila kucha. Asubuhi moja tulivu akalitoa dude getini, likameremeta, akaliwasha. Hakusema panda. Aligeuka, kama alivyoagizwa.

Mkewe alikuwa anakuja kutoka upande wa ua, kitambaa cha kichwani kimefungwa vizuri, bandeji kwenye kiwiko. Akamtabasamia. Kromu akamtazama mpaka akapanda, mikono ikamzunguka kiunoni, na moyo wake ukajaa shukrani. Akageukia mbele. Kwa mazoea tu, akasubiri springi zizame.

Hazikuzama.

Harufu ya ngozi mbichi ikapanda taratibu. Ndani ya nyumba, ufunguo ulikuwa unazungushwa mlangoni.

"Nisubiri, mume wangu," aliita mkewe kutoka ndani. "Nafunga mlango wa uani. Leo usiniache."

Mikono ikakaza kiunoni mwake. Sauti ya mkewe ikasema karibu kabisa na sikio lake, kwa upole, "Umeshaniona. Twende."