Nani Kaitoa Siri ya Pakiti Yangu?

"Kaka, usimwambie Shemsa kama mimi ndo niliyesema. Ataniua!"

Nilikuwa nje ya mlango wa jiko, sinia la bizari mkononi, nikasimama pale pale.

Sauti ile ilikuwa ya Muzdalifa, wifi yangu, mdogo wake wa pekee mume wangu.

Na aliyemjibu alikuwa mume wangu mwenyewe, Suhaib!

"Simwambii. Na wewe nyamaza kwanza, tutafute njia."

Njia?! Njia ya nini?

Jamani nyie mnaosoma, mshawahi kusimama mlangoni kwenu wenyewe kama mgeni? Mimi siku ile nililiweka sinia chini, nikatega sikio.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, halafu mtanihukumu wenyewe.

Naitwa Shemsa. Nauza viungo Mji Mkongwe, kiduka chenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Iliki, mdalasini, bizari ya chai. Wateja wangu wengi ni wageni.

Taabu yangu ya miaka ilikuwa pakiti. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku. Karatasi nayo ukiifunga ovyo, bizari inapoteza harufu. Ukiifunga vizuri, haifunguki! Mgeni anairarua kwa meno, bizari yote inaishia kwenye suruali yake nyeupe, halafu ananitazama mimi.

Sasa siku moja nashona kofia ya Suhaib, uzi ukanasa kwenye karatasi. Nikauvuta kwa hasira...

Karatasi ikachanika mstari mmoja, umenyooka!

Nikaiacha kofia pale pale. Miezi saba nilihangaika. Uzi wa kushonea kofia, nikaupaka nta, nikaulaza ndani ya mkunjo wa karatasi, nikaupitishia gundi juu, nikaacha ncha ndogo nje. Ukivuta ile ncha, pakiti inafunguka yenyewe na hata chembe haimwagiki.

Wallahi nililia mara ya kwanza ilipokubali.

Mtu mmoja akaniambia niiombee hataza, yaani hati ya serikali inayosema uvumbuzi huu ni wako, na mwengine haruhusiwi kuutengeneza bila idhini yako.

Kuanzia hapo, nyie... sikumwamini tena mtu.

Karatasi nilinunua maduka matatu tofauti Darajani ili asijue mtu nachukua kiasi gani. Mabaki nilichoma moto. Azim, mmoja wa wenye maduka yale, aliniuliza siku moja, "Bi Shemsa, karatasi zote hizi unazifanyia nini?"

"Watoto wa chuo cha Kurani wanajifunza kuandika."

Akacheka. Kile kicheko chake sikukipenda, nikamtia kwenye orodha ya wezi.

Orodha ilikuwa ndefu. Msichana wa kuchapa maombi nilimbadilisha mara tatu, maana kila mmoja nilimwona ana macho makali. Suhaib akaniambia, "Nipe mimi nipeleke, nnapita njia ile kila siku." Nikakataa.

Disemba ile nikamkuta ameinamia droo yangu, faili liko wazi!

"Unafanya nini hapo?"

"Shemsa, nlikuwa natazama tarehe tu. Hizi karatasi zina..."

"Zina nini? Leo ushakuwa mwanasheria?"

Hakumaliza. Kesho yake faili nikalipeleka Makunduchi kwa mama yangu, likalala chini ya godoro lake. Nikamwambia akija mtu yeyote, hata awe mume wangu, hajaliona.

Mwishowe nikaliwasilisha mwenyewe, kwa mkono wangu, mwezi wa Januari mwishoni. Nikangoja mwaka mzima na zaidi.

Siku mbili kabla ya yale niliyoyasikia jikoni, barua ikaja.

*Uvumbuzi wako si mpya. Pakiti ya muundo huu iliwekwa wazi kwa umma kabla ya tarehe ya maombi. Kielelezo kipo ofisini, unaweza kuja kukiona. Una siku sitini za kujibu.*

Saini ilikuwa ya mkaguzi, Masuma Pyarali.

Nilisoma mara sita. Kuwekwa wazi! Na nani, wakati hata kuku wangu hakuiona?

Ofisini sikwenda. Nilijiambia, huyo mkaguzi aliyekipata kielelezo lazima ana ushirika na mwizi. Nimtafute mwizi kwanza, ofisi baadaye.

Sasa nimemsikia mwizi kwa masikio yangu, na kumbe nimekuwa nikimpikia chai!

Mume wake Muzdalifa anaitwa Hija. Unajua kazi yake? Ofisi ya manunuzi, hoteli moja kubwa ya Kiwengwa. Hoteli inayowapa wageni wake bizari na chumvi ya zawadi. Hebu unganisha mwenyewe!

Suhaib alipoingia kuoga nikachukua simu yake. Namba ya siri naijua, mwaka aliozaliwa mama yake.

Nikapekua picha. Mwaka huu hakuna kitu. Mwaka jana hakuna kitu. Disemba ya nyuma yake...

Mchoro wangu! Ukurasa wa kwanza wa faili, umepigwa picha kwenye droo yangu.

Nikaitupa simu kitandani. Mume wangu alipiga picha, dada mtu akasema, shemeji akanunua. Nilihisi nimeolewa kwenye nyumba ya majasusi.

Simu nikairudisha pale alipoiweka. Nikangoja Ijumaa.

Ijumaa baada ya sala tunakula kwa mama mkwe, Bi Mwanapili, Amani karibu na uwanja. Sinia moja la biriani, sote tumelizunguka. Muzdalifa alikuwepo. Hija alikuwepo. Nikawaacha wakaanza kula.

"Wifi," nikasema, "zile pakiti zangu mmeipa hoteli gani? Hiyo yenu, au na nyengine?"

"Pakiti zipi, wifi?"

"Usinifanye mtoto! Nlikusikia jikoni. Kaka, usimwambie Shemsa kama mimi ndo niliyesema. Si maneno yako hayo?"

Mkono wake ukabaki juu ya sinia. Akamtazama kaka yake.

"Wifi, nisikilize. Walinipigia simu, wakaniuliza tu, na mimi sikujua kama..."

"Nani walikupigia?"

"Watu wa ofisini."

"Ahaa! Kumbe mpaka ofisini mna watu wenu!"

"Shemsa, basi," Suhaib akasema.

"Wewe ndo kabisa! Picha ya mchoro wangu inafanya nini kwenye simu yako?"

Hija akataka kusema kitu, nikamnyooshea kidole.

"Na wewe mla chakula cha watu, nyamaza! Mimi leo nimekaa sinia moja na wezi!"

Nyie... neno lilishatoka.

Muzdalifa akainuka bila kunawa, wali bado kwenye vidole, akaingia chumbani kwa mama yake. Tulimsikia analia. Hija akamfuata.

Bi Mwanapili akanawa mkono, akanigeukia.

"Mwanangu, ndani ya nyumba yangu hajaitwa mtu mwizi tangu niolewe."

"Mama, mimi nna ushahidi."

"Ushahidi uko ofisini!" Suhaib alipaza sauti, na katika miaka tisa ya ndoa sijamsikia akipaza sauti. "Kielelezo kipo kule wiki nzima. Ushakwenda kukitazama?"

"Niende kufanya nini na nyinyi mshapanga?"

"Nenda kakione, Shemsa. Mimi sina la kukwambia mpaka urudi, maana nikikwambia mimi hutoamini."

Siku tatu alilala kwa mama yake.

Jumatatu nikaenda. Nilivaa buibui langu jipya, nikajiandaa kupigana.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, miwani imemshuka puani, mezani kwake karatasi zimepangwa hakuna hata moja iliyopinda.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndo Bi Shemsa wa pakiti? Nlikuwa nkikungoja."

Kuningoja? Nikautazama mlango, nikazitazama droo zake.

"Kabla hujanionesha kitu, nambie nani kakuletea."

"Kaa kwanza, mwanangu."

Akatoa bahasha, na ndani ya bahasha akatoa pakiti. Nyeupe, imeshafunguliwa, uzi mwekundu unaning'inia.

Uzi wangu!

"Hiyo yangu!" Nikasimama. "Hata hakutengeneza yake, kachukua yangu kabisa! Umeona wizi huo?"

"Igeuze," akasema taratibu.

Nikaigeuza.

Kwa nyuma kulikuwa na muhuri wa rangi ya dhahabu.

*Muzdalifa na Hija. Jumamosi, 6 Januari 2024.*

Muhuri ule niliuchongesha mimi. Niliugonga mimi, pakiti moja moja, mpaka kiganja kikavimba. Ilikuwa zawadi yangu kwa wifi yangu, kabla hata sijasikia neno hataza: pakiti za visheti vya harusi, kila mwanamke apate pakiti yake ya kwenda nayo nyumbani.

Nikakaa.

"Hii... hii ilikuwa harusi tu," nikasema. "Watu wa nyumbani."

"Walikuwa wangapi?"

"Mia tatu na kitu."

"Wote unawajua?"

"Walikuwa wanawake watupu! Jamaa, majirani, sisi kwa sisi!"

"Mimi unanijua?"

"Wewe? Ndo kwanza nakuona leo."

Akavua miwani.

"Nlikaa chini ya turubai, mkeka wa pembeni kabisa. Nlikuja na jirani yangu, hata jina langu halikuwemo kwenye mwaliko. Ukanipa hii kwa mkono wako, ukaniambia, 'Vuta hapa, bibi, usitie meno.' Nkavuta. Nkashangaa, maana kazi yangu ndo hii. Nkaiweka kabatini."

Nikaigeuza tena ile pakiti mkononi.

"Faili lako liliponifikia, nikamwambia mkuu wangu kwamba mimi nlikuwepo. Akaniambia, kumbukumbu yako haitoshi, wapigie wenye harusi wathibitishe tarehe. Nikampigia bi harusi. Akafurahi maskini! Akasema, 'Naam, wifi yangu ndo aliyezitengeneza, na sherehe nzima walizisifia.' Alidhani anakusaidia."

*Kaka, usimwambie Shemsa kama mimi ndo niliyesema.*

Nilitamani sakafu ya ile ofisi ifunguke inimeze.

"Lakini mimi mwenyewe ndo niliyezigawa! Mtu anajiibia?"

"Sheria hilo inalijua. Ukikionesha mwenyewe, unapewa miezi kumi na mbili uje kuandikisha. Uligawa Januari sita. Ulileta maombi Januari ishirini na nne ya mwaka wa pili." Akavaa tena miwani. "Umechelewa siku kumi na nane, mwanangu. Na mimi siku hizo siwezi kuzifuta."

Kumi na nane.

Faili langu lilikaa chini ya godoro la mama, Makunduchi, siku arubaini!

Nilikuwa nalificha, asiliibe mume wangu.

Nikarudi Amani kwa miguu, jua la saa saba, sikuliona. Suhaib alikuwa barazani. Alinitazama usoni akajua.

"Ile picha," nikamuuliza.

"Nliipeleka kwa wakili mmoja, anambie kama ukurasa uko sawa. Yeye ndo aliyeniuliza, kitu hichi kishawahi kutoka nje? Nkakumbuka harusi. Akanambia wahini kabla ya Januari sita."

"Kwa nini hukunambia?"

"Nlianza, Shemsa. Ukanambia nshakuwa mwanasheria. Siku ya pili faili halipo. Nkauliza mara mbili, ukanambia halinihusu. Ikawa nikitaja karatasi tu, hulali."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonitoa machozi. Nililia pale barazani, majirani wanaona, sikujali.

Hataza nimeikosa, wapenzi wasomaji. Imeondoka moja kwa moja. Pakiti ile sasa anaweza kuitengeneza yeyote. Juzi nimeiona duka moja la mtaa wa pili, ya mtu nisiyemjua, uzi wa kijani. Nikainunua. Ikafunguka vizuri, na roho ikaniuma kweli kweli.

Lakini niwaambie kinachoniuma zaidi.

Nilikwenda kwa Muzdalifa. Nilibisha hodi, akafungua, akanikaribisha, akanipikia chai. Nikapiga magoti kwenye zulia lake nikamwomba radhi, na Hija yupo, nikamwomba na yeye.

Muzdalifa akaniinua.

"Nshakusamehe, wifi. Wallahi nshakusamehe."

Nikamkumbatia. Akaniacha nimkumbatie, mikono yake imelala tu.

"Ila nakuomba kitu kimoja," akasema. "Kuanzia leo chako chochote usinioneshe. Ukitengeneza kitu, usinambie. Ukiwa na habari, mwambie kaka. Mimi sitaki kujua, nisije nkaulizwa."

Nikamwambia sawa. Ningesema nini?

Ijumaa bado tunakula sinia moja. Anaongea na mimi vizuri, ananiuliza hali, ananisogezea nyama. Nikitaja habari za dukani anainuka kwenda kuleta maji.

Nyie mnaosoma, kama mmebuni kitu, kiandikisheni kwanza ndo mgawe, hata kama mnaogawia ni watu wa harusi yenu. Hilo ni la ofisini, na mkaguzi yeyote atawaambia.

La nyumbani ni langu mimi. Hataza niliikosa kwa siku kumi na nane, nimehesabiwa. Wifi yangu nitarudi kumpata baada ya siku ngapi, hakuna ofisi ya kuniambia.