Namba Saba Haijaagwa

Hili silisimulii kwa kusikia. Lilimpata mdogo wangu wa tumbo moja, Albina, hapa hapa kwetu Nebraska, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake nafuma soksi.

Albina ndiye aliyekuwa sauti ya ofisi ya sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya yetu. Ng'ombe wa mtu katoroka, mlevi kagonga nguzo, watu wanampigia simu Albina, naye anawaita manaibu wa sherifu kwenye redio ya upepo. Kila naibu na namba yake. Saba ilikuwa ya Emil, mwanawe wa pekee. Basi mama anamwita mwanawe kutwa nzima, na mwana anajibu, "Saba, nakupata, mama." Sherifu Dietz alimkataza kusema mama kwenye redio. Wapi.

Mwaka ule barafu ilipoyeyuka, mto ulijaa ukambeba Emil na gari lake pale darajani. Gari lilipatikana. Emil hakupatikana.

Sasa kwetu, naibu akifa, siku ya mazishi anaitwa kwenye redio. Anaitwa namba yake mara tatu, watu wote kimya. Asipojibu, mwitaji anasema: umemaliza zamu, kapumzike, sisi tutaendelea. Ndio kaagwa hivyo. Kabla ya hapo namba yake haipewi mtu.

Albina alikataa.

"Dada, nikimwita asijibu, nitakuwa nimemzika kwa mdomo wangu mwenyewe," aliniambia. "Sina hata maiti. Simwiti."

Tukamwacha.

Majani yalipoanza kupukutika akaja Renard Coates. Alikuwa askari mzoefu, kahama kutoka Omaha, kachoka kuokota watoto wa watu waliopigwa risasi. Mkewe alikuwa mjamzito, wakataka mahali pa utulivu. Mtu kama huyo hapelekwi chuo upya. Asubuhi aliapishwa, mchana akapewa gari. Na Dietz, kwa uvivu wake tu, akampa namba iliyokuwa wazi.

Albina akamsogezea mgeni sahani ya mikate ya jamu niliyooka mimi.

"Hiyo namba ina mwenyewe, baba," akamwambia.

"Mama Albina, kule mjini nimetumia namba za marehemu mpaka nimezoea," Coates akasema, mdomo umejaa. "Hakuna aliyekuja kuidai."

"Labda maiti wa mjini wana haya," nikamwambia.

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri yule kijana.

Haukupita muda ukungu ukashuka, mchana mchana. Mtu akapiga simu: ng'ombe wako barabarani kule mlimani, mbali kabisa na mto. Albina akashika kipaza sauti.

"Namba saba."

"Saba, nakupata," Coates akajibu.

Halafu nyuma yake, chini chini, kama mtu anayeongea na maji mdomoni:

"Saba. Nakupata, mama."

Soksi ikanidondoka.

Albina hakulia. Alitabasamu. Hilo tabasamu ndilo lililoniogopesha.

"Uko wapi?" akanong'ona.

"Darajani. Baridi."

"Sawa, darajani," akasema Coates. "Naelekea huko." Sauti yake imelegea, kama mtu anayeongea usingizini.

Dietz akampokonya Albina kipaza sauti. "Coates, simama hapo hapo. Hakuna aliyekutuma darajani." Hakujibiwa. Akavaa kofia akatoka mbio, lakini daraja ni mbali, na ukungu huoni hata pua ya gari lako.

Tukabaki wawili. Redio inakwaruza, dakika zinapita.

"Nimeingia majini," Coates akasema. Pole pole. "Kuna mtu kakaa kando yangu."

Nikamshika mdogo wangu mkono. Ulikuwa wa barafu.

"Albina. Muage mwanao."

"Ananijibu, dada. Umemsikia. Ananijibu."

"Anamchukua mtoto wa mwenzio. Ana mke nyumbani yule."

Akanitazama. Siwezi kuwaelezea macho yale. Halafu akainuka, maana anayeaga husimama.

"Namba saba."

Kimya. Maji tu.

"Namba saba."

Kimya.

"Namba saba." Sauti ikakatika. "Emil."

"Niko hapa, mama."

Hilo halimo kwenye desturi. Anayeitwa hajibu. Hakuna aliyetufundisha la kusema akijibu.

Albina akainama mpaka paji la uso likagusa redio.

"Umemaliza zamu, mwanangu. Kapumzike. Sisi tutaendelea."

"Baridi, mama."

"Najua, baba. Nenda."

Redio ikakoroma kidogo. Ikanyamaza. Albina akakaa chini sakafuni, na hapo ndipo alipolia, kilio alichokizuia tangu barafu iyeyuke.

Dietz alimkuta Coates hai. Gari limesimama mtoni, maji yamefika milangoni, mikono yake imeganda kwenye usukani. Alikumbuka ng'ombe tu. Mtoto wake alizaliwa salama, na siku hizi ana watoto wake mwenyewe.

Ila mkanda wa kiti cha abiria walikuta umefungwa. Umefungwa kifuani na kiunoni, umekaza, na kiti kitupu. Haukufunguka. Dietz akaukata kwa kisu, na Albina akauomba. Akautundika kwenye kiti kimoja jikoni kwake.

Nilikwenda kwake juzi. Kiangazi cha mwaka huu kimekausha mpaka visima, nyasi zinavunjika ukizikanyaga. Nikaugusa ule mkanda. Unachuruzika maji. Na chini ya kiti sakafu imelowa, madoa mawili, mapana kama nyayo za mwanamume.

Albina hupiga deki kila asubuhi. Anapiga taratibu sana, kama anayeogopa kumwamsha mtu.