Mke Mwenza wa Bandani

Honi ililia saa saba mchana, mara mbili fupi na moja ndefu, kama Babu alivyokuwa akiipiga kila siku akirudi kula. Mjukuu wake, mshonaji, alikuwa sebuleni akipinda pazia. Aliinuka nusu kwenda kufungua geti, ndipo akakumbuka mambo mawili: Babu alizikwa wiki tatu zilizopita, na betri ya gari ilikuwa hapo hapo sebuleni, juu ya gazeti, chini ya meza.

"Umesikia, Bibi?" akanong'ona.

"Nimesikia." Bibi hakuacha kuchambua mchele. "Na jana nilisikia."

Babu hakuliita gari lile "hilo" hata siku moja. Alisema "yeye". Yeye ana kiu, yeye kachoka, usimbamizie mlango. Alilifuta kwa fulana zake mwenyewe, zilizolainika kwa uzee. Siku za mapumziko wajukuu walibanana nyuma, naye hugonga dashibodi mara moja na kuuliza, "Tuondoke, mama?" Kisha husubiri. Asiposubiri, injini haikuwaka, na watoto walicheka mpaka wakapaliwa. Siku alipolileta, miaka arobaini nyuma, alisimama getini mbele ya majirani watatu akamwambia Bibi, "Nimekuletea mke mwenzio." Bibi, mwenye ulimi wake, akajibu, "Nimempokea. Akae." Utani ukabaki nyumbani: mke mwenzangu leo kikohozi kimemshika, mke mwenzangu kalala nje na mume wangu, nitawakuta.

Mjomba, fundi magari, ndiye aliyeamua kulichinja. Ndivyo mafundi wanavyosema gari linapofunguliwa vipande ili viungo vyake vikahuishe magari mengine.

"Mama, leo namchinja mke mwenzio," alisema mlangoni, spana mkononi.

"Mchinje. Mjane humu ndani ni mimi peke yangu."

Akacheka, akaenda bandani lilikokaa gari. Haukupita muda harufu ikaingia sebuleni, mafuta ya nywele, mazito na matamu, ya mwanamke aliyejiremba akimngoja mtu. Mjukuu alipofika bandani alimkuta Mjomba ameketi kwenye kiti cha dereva, mikono yote miwili imeng'ang'ania usukani, vidole vimekaza mpaka kucha zimekuwa za buluu, na usukani ule, wa gari lisilo na betri, ulikuwa ukizunguka taratibu kulia, ukivuta mikono yake ikapishana, ikajisokota, mifupa ya viganja ikilia kama kuni mbichi, huku yeye akitazama mbele kimya, machozi yakimtiririka, kama abiria aliyejua anapelekwa wapi na hana njia ya kushuka.

Wakamwita mganga, mama mpole wa mtaa wa pili. Alisimama mbali na mlango wa gari.

"Nani wewe?"

Mdomo wa Mjomba ukafunguka. Sauti ilikuwa ya mwanamke, tulivu.

"Mimi mjane."

"Wa nani?"

"Wa mwenye nyumba. Mwenzangu amepewa pole, amepewa watu wa kulia naye. Mimi nimeletewa spana. Miaka arobaini nimembeba mume wangu na wajukuu wake, leo mnanichinja. Huyu naondoka naye."

Mganga alimvuta Bibi pembeni. "Uliwahi kumpokea kwa kauli?"

"Ulikuwa utani."

"Mbele ya watu?"

"Majirani watatu."

"Basi kauli hiyo ndiyo ndoa yake. Ukiirudisha, hana pa kukaa. Ila ataondoka na kilicho chake."

"Abebe anachotaka. Aniachie mwanangu."

Bibi akaliendea gari, akaweka kiganja juu ya boneti. "Nilikutania," alisema. "Hukuwahi kuwa mke humu. Toka."

Usukani ukasimama.

"Miaka yote hiyo utani," sauti ikasema. "Sawa, mwenzangu. Nachukua changu chote, usibaki na hata tone."

Vidole vikaachia kimoja kimoja. Harufu ikakatika. Mganga akasema amekwenda, na kweli alikuwa amekwenda.

Walimketisha Mjomba sebuleni wakampa maji. Mjukuu, akitaka kumtuliza, akaanza kusimulia habari ya zamani, jinsi walivyokuwa wakibanana nyuma ya gari, upepo dirishani, na aliyekuwa akiwaendesha... Akasita. Akilini aliuona usukani. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Akainua macho kwenye picha ukutani, mzee wa kofia akitabasamu, akamtazama kama mtu anavyotazama picha iliyokuja na fremu kutoka dukani.

Bibi naye alikuwa ameinama, akilikunjua gauni lake magotini, akilichunguza.

"Mwanangu," akasema polepole, "hebu niambie. Mbona nimevaa nyeusi?"

Mjomba alimtazama mama yake, kisha mpwa wake, kisha tena mama yake.

"Sijui, mama."