Kijiko Nilichomlisha Mama Mkwe

Nina miaka ishirini na minne, ni fundi makochi hapa Masuguru, Korogwe. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo wasomaji wenzangu mnivumilie. Mimi ni mtu wa kucheka. Hata nikipiga misumari huwa naimba. Siku hizi siimbi... na mtaani wengi wanajua kwa nini.

Nilimpenda Zaituni. Alitoka Kang'ata, Handeni, akaja hapa kujifunza cherehani, akawa anapita kwangu kuomba vitambaa vinavyobaki. Nikawa nakata vibaya makusudi ili vibaki vingi. Alipogundua alicheka mpaka akakaa chini. Nikajiambia, huyu ndiye mke wangu.

Sasa mimi nimezaliwa kambi ya mkonge. Babu alitoka Songea kuja kukata mkonge, bibi alitoka kwingine, na kila jirani alikuwa na kabila lake. Kambini ulikula kwa yeyote aliyebandika sufuria. Mila za Wazigua wa Kang'ata ningezijulia wapi? Ndiyo maana nikamwomba Hamza awe mshenga wangu. Tulikuwa tunaishi naye chumba kimoja, na yeye ni Mzigua wa hukohuko Kang'ata. Alipeleka posa, ikapokelewa. Baba yake Zaituni alishafariki, kwa hiyo kilichobaki ni mama kusema ndiyo, nitajiwe mahari, nioe.

Mama huyo akawa na safari ya kuja Korogwe kumtazama dada yake. Hamza akaniambia, "Shomari, hapa ndipo pa kummaliza mama. Mwalike kwa Mkuba."

Kwa Mkuba ni mgahawa wa mtaani kwetu. Mwenyewe si Mkuba, ni mzee wetu tu aliyesoma Kuba ujanani, akarudi na mapishi na kofia ya ukindu ambayo haivui. Ukuta wa mbele ni wa waridi, wa nyuma kijani, na kaunta yake ni boneti la gari bovu. Anapika wali kwa maharage meusi, ndizi mbivu za kukaanga, na nyama iliyochambuliwa nyuzinyuzi anayoiita "nguo kuukuu". Anasema ndilo jina lake huko. Mabenchi yake niliyawekea sponji mimi.

Meza ni moja, ndefu, mnakaa wote. Na kuna sharti: kijiko cha kwanza hujilishi mwenyewe, unamlisha aliyekaa kulia kwako. Kama ni mila ya Kuba kweli au mzee ameitunga, hakuna ajuaye. Ila watu wanalipenda, wanalishana wanacheka, ndipo chakula kinaanza.

Nilimuuliza Hamza, kwani kwenu kula na mama mkwe si vibaya? Nilishasikia juujuu. Akanicheka.

"Hayo ya mabibi zetu, mwanangu. Siku hizi mkwe akijificha wanasema ana kiburi. Kaa naye, mlishe, aone amepata mtoto wa kiume. Ila Zai usimwambie. Iwe sapraizi."

Nikamwamini... Ningemwacha yeye nimwamini nani?

Siku hiyo mchana nilivaa shati jipya. Mama akaja na dada yake, Hamza akiwaongoza. Nikasimama. "Shikamoo mama." Alisita mlangoni, akageuza uso, akavuta khanga hadi machoni. Hamza akamnong'oneza, mama akaja akaketi pembeni, kulia kwangu, amenipa mgongo. Nikadhani ni haya tu za ugeni. Kumbe Hamza alimwambia kwamba mkwe amewaandalia chakula lakini mwenyewe hatakuwepo, kama heshima inavyotaka. Na pale mlangoni alimnong'oneza kuwa nasalimia tu, naondoka sasa hivi.

"Karibu, sinyora," Mzee akamwambia mama, ndivyo anavyowaita wanawake wote, huku anapakua. "Kijana wako huyu ana mikono ya dhahabu. Haya, kijiko cha kwanza."

Nikachota wali, nikapanga kipande cha ndizi juu, nikakinga mkono chini kisidondoke. Nikainama hadi mbele ya uso wake. "Mama, karibu. Mwanao nakulisha."

Aligeuka kwa mshtuko, kijiko kikamgusa mdomo, wali ukamwagikia khanga yake. Akainuka. Hakunitukana. Alisema maneno machache ya Kizigua, akamshika dada yake mkono, wakatoka.

Hamza alikuwa anatafuna. Nikamuuliza mama amesema nini.

"Amesema umemvua nguo mbele za watu," akanijibu, akachota tena.

Mama mmoja muuza vitumbua, naye Mzigua, alikuwa ng'ambo ya meza. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, mkwe tunampisha hata njiani, wewe unamtia kijiko mdomoni? Nani kakufundisha?" Nikamtazama Hamza. Akatazama sahani.

Tulipofika chumbani nilimuuliza mbona alinidanganya. Akalia, wasomaji wenzangu, machozi kabisa. Akasema kwao wao wameacha mambo hayo, alidhani na akina Zaituni wameacha. Na mimi moyo wangu ndio huu... Nikambembeleza mimi!

Yule mama wa vitumbua alikuwa ameniambia kosa hilo lina dawa. Unatoa mbuzi, mshenga anampeleka na maneno ya toba, mama akipokea yameisha. Nikauza mashine yangu ya kushonea makochi, nikanunua mbuzi dume mnene. Hamza akampakia kwenye pikipiki, akaenda naye Kang'ata.

Hakurudi. Simu yake haikupatikana. Zaituni naye alishaitwa nyumbani, nikipiga hapokei. Nilisubiri... Nilikuwa najiambia toba inazungumzwa, mambo ya wazee hayaendi haraka.

Mwisho nikaenda mwenyewe. Njiani, karibu na kwao, nikamuuliza kijana mmoja anayechunga kama mbuzi wa toba kutoka Korogwe alifika.

"Wa toba?" akasema. "Sisi tumekula mbuzi wa posa ya Hamza. Jamaa kaoa pale kwa Zai. Mnyama alikuwa na mafuta, sijui alimtoa wapi."

Nilitaka kugeuza nirudi. Lakini nilifika. Nikasimama mbali na mlango, safari hii nimejifunza, ili mama asinione. Zaituni akatoka.

Nikamwambia nilidanganywa. Nikamwambia ni Hamza aliyenituma nimlishe mama, na mbuzi ni wangu.

"Najua," akasema. "Aliniambia baada ya ndoa."

"Ukamwambia nini?"

Akatazama chini, nikadhani analia. Alikuwa anajizuia. "Nilicheka, Shomari. Usinichukie. Anajua kuigiza huyo... anashika kijiko hivi, anakinga mkono chini, 'Mama, mwanao nakulisha.' Mama mwenyewe siku hizi anacheka mpaka anapaliwa."

Kama mama anacheka, basi kosa langu lilishasamehewa. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuja kuniambia.

Nilirudi Masuguru. Sasa nashona kwa mkono, sindano inanichoma, na kwa Mkuba sipiti.

Vijana wenzangu, nawasihi. Ukipeleka posa kwa watu wasio wa kwenu, usitegemee mdomo wa mtu mmoja. Mshenga awe mtu mzima mwenye nyumba yake, si kijana mwenzio. Zungumza na mama wa vitumbua, zungumza na wazee, na kabla ya wote muulize huyo unayempenda, hata kama sapraizi itaharibika. Mimi nilikuwa naye kila jioni, sikumuuliza. Na sasa naambiwa huko Kang'ata watoto wameufanya mchezo: mmoja anajifunika khanga anakuwa mkwe, mwingine anashika kijiko anakuwa mimi.