Doa Juu ya Bega la Bwana Harusi

Doa lilionekana mara ya kwanza harusini, juu ya bega la bwana harusi, na hakuna aliyelijali isipokuwa mwenye mashine. Wengine walikuwa wanakula. Yeye alisimama nyuma ya ukumbi, mkono kwenye projekta yake ndogo, akiitazama ile alama ya kijivu, kubwa kama sahani pale kwenye kitambaa cha kuonyeshea picha, huku ikimkera rohoni. Mtaani walimwita Pichapicha. Alikuwa mtu wa aina ile ambaye akiingia nyumba ya watu akakuta fremu imekaa upande, huinyoosha kabla hajasalimia. Mkewe alishamwambia kwamba tabia hiyo itamponza siku moja, naye akacheka.

Kazi yake aliijua, hilo tusimnyime. Alifika ukumbini saa mbili kabla ya wageni, akafungua stendi ya miguu mitatu na kuitikisa kuona kama inacheza. Alitundika kitambaa cheupe alichopindiwa na mkewe, akapima kwa hatua zake umbali wa kutoka kwenye mashine, kisha akainua na kushusha mpaka picha iache kukaa kama ndoo, pana juu, nyembamba chini. Waya aliubandika sakafuni kwa utepe, maana shangazi wa bibi harusi akijikwaa analaumiwa fundi. Mashine yenyewe aliinunua ikiwa imetumika, kwa mtu aliyekuwa anahama haraka na hakupenda maswali. Taa tu ndiyo aliyoiweka mpya.

Jumatatu aliifungua nyumbani, sebuleni, karibu na cherehani ya mkewe. Alitoa kichujio cha vumbi, akakiosha, akakianika dirishani mpaka kikakauka kabisa. Lenzi aliifuta kwa kitambaa laini, akianzia katikati kwenda nje. Akawasha. Doa lipo. Akarudia kazi yote toka mwanzo, na doa likabaki palepale, pembeni, juu, kulia.

Ndipo akakumbuka maneno ya mzee aliyemfundisha kazi. Mzee yule alikuwa akisema kwamba vumbi la ndani ya mashine hujificha nyuma ya picha safi, na ukitaka kulijua lilipo, haribu picha kwanza. Zungusha pete ya lenzi mpaka watu wa kwenye picha wapotee, vumbi litajitokeza lenyewe. Ukishaliona, rudisha. Neno la mwisho mzee alilisema kila mara akiwa amemshika mwanafunzi mkono, lakini Pichapicha alikuwa msikivu wa mwanzo wa mambo, mwisho hakuwa nao.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Alibana mapazia kwa vibanio vya nguo, na mkewe, aliyekosa mwanga wa kushonea, akaja kukaa kwenye kochi na gauni la mteja mapajani, akilalamika kwamba gauni lenyewe linatakiwa Jumatano. Pichapicha akaweka ukutani picha yao wawili, ya mwaka waliooana. Kisha akaanza kuzungusha pete.

Nyuso zao zilivimba, zikayeyuka, zikawa ukungu wa rangi mbili. Pale pembeni lile doa likaanza kujikusanya. Lilipata ukingo. Lilipata mabega. Pichapicha alizungusha tena kidogo, na mbele yao pakawa na mtu, mwanamke, ameketi kwenye kigoda, amewapa mgongo.

"Ni nani huyo?" mkewe aliuliza kwa sauti ya chini.

"Vumbi," alisema, akaendelea kuzungusha.

Hapo ndipo alipotakiwa kurudisha. Hakurudisha. Kitu kikiwa hakijakaa sawa yeye haachi, na aliendelea kuzungusha pete unywele kwa unywele mpaka nywele za yule mwanamke zikawa zinahesabika, mbichi, zimegandamana shingoni kama ametoka kuoga sasa hivi, na sebule ikaanza kunuka nguo iliyosahaulika ndooni siku tatu, na chini ya harufu hiyo, nyingine ya nywele zilizoungua. Kisha shingo ile ikacheza. Kidogo tu, kama ya mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mbali na hana hakika. Pichapicha akachomoa waya ukutani. Picha ikazimika. Feni ya mashine, isiyo na umeme wowote, iliendelea kuzunguka kwa muda mrefu, na wote wawili walikaa wakiisikiliza bila kutazamana.

Kesho yake mkewe hakuweza kutunga uzi kwenye sindano.

Alidhani ni uchovu. Jumatano alimpa mteja gauni ambalo ukosi wake umeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, yeye aliyekuwa akiona mshono uliopinda kwa mtu anayepita ng'ambo ya barabara. Ijumaa alimwaga chai mezani akiamini anamimina kikombeni. Daktari wa macho alimulika, akapima, akamulika tena, akasema macho haya ni mazima kuliko yangu, mama. Waliporudi alikuwa ameshikilia shati la mumewe kwa nyuma ili asipotee njiani. Wiki ya pili dunia yake ilikuwa ukungu mtupu. Cherehani ilifunikwa shuka.

Pichapicha aliogopa kumwacha peke yake, kwa hiyo alipopata kazi kwenye semina ya wafanyakazi wa ofisi fulani, alikwenda naye akamketisha pembeni ya stendi. Mapazia yakafungwa, taa ya mashine ikawaka. Mkewe akamshika mkono ghafla, kucha zikamwingia.

"Nakuona," alinong'ona. "Hujanyoa."

Mume alitokwa machozi papo hapo, nyuma ya watu hamsini waliokuwa wanafundishwa kujaza fomu. Mkewe aliona kila kitu kilichoguswa na mwanga wa ile mashine: vumbi hewani, visigino vya watu, mumewe. Semina ilipokwisha na taa ikazimwa, ukungu ukarudi. Hapakuwa na haja ya kuuliza kwa nini. Walijua wote, na walinyamaza wote, kwa sababu aliyeshika mpini wa panga haulizwi makali yake.

Toka siku hiyo projekta haikutoka tena nyumbani. Asubuhi mapazia yanabanwa, mashine inawashwa, cherehani inafunuliwa. Hawakuweka picha yoyote, ulikuwa mwanga mweupe mtupu ukutani. Na pembeni, juu, kulia, aliketi yule mwanamke. Sasa hakuhitaji tena kutafutwa kwa pete. Ungezungusha utakavyo, yeye alikuwa wazi. Mke alishona akiwa amempa kisogo, mume alisafisha kichujio kila jioni na kufungua dirisha mashine isipate joto, na kwa siku kadhaa mtu mjinga angesema wameshinda. Lakini kila asubuhi aliyeketi alikuwa amegeuka kidogo zaidi. Lilionekana sikio. Siku nyingine, ukingo wa shavu.

Wakamwita mganga. Alikuja mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, kapu mkononi, mtu wa maneno machache ambaye majirani walimsifu kwamba hajawahi kushindwa. Alimketisha mke kwenye mkeka katikati ya mwanga, akafunga mlango, akasoma alichosoma, akafukiza alichofukiza. Moshi ulipanda, ukaingia kwenye mwanga, na badala ya kutawanyika ukakusanyika wote kwenye ile pembe. Kichwa cha mke kikainama. Sauti iliyotoka ilikuwa yake, ila haikuwa na haraka.

"Unataka nini?" mganga aliuliza.

"Sitaki kitu. Nilikuwa nimekaa kwangu, nimewapa mgongo. Huyu bwana ndiye aliyenitafuta."

"Basi rudi kwako."

"Aliyekwisha kuonekana harudi kuwa vumbi."

"Mwachie mwenzako macho yake."

"Anaona kwa taa yangu," sauti ilisema, karibu kwa upole. "Zimeni, tuone atakayelia."

Mganga alisoma tena mpaka sauti ikamkauka, akanyunyiza maji kwenye kuta, akaita majina ambayo Pichapicha hakuwahi kuyasikia wala hataki kuyasikia tena. Ukutani sikio lilikuwa limeinuka kidogo, kama la mtu anayesikiliza jirani wakigombana. Mwishowe akakusanya vitu vyake. Mlangoni alivua miwani akaifuta, akaifuta mno, kisha akasema na Pichapicha taratibu.

"Mwanangu, nisikudanganye. La kuvunda halina ubani. Ukizima, mkeo hataona tena maishani mwake. Ukiacha inawaka, yule atageuka mpaka watazamane, na wakishatazamana, mke si wako. Chagua mapema. Mimi hapa sina changu."

Mke alisikia yote kutoka ndani. Alipoingia mumewe, alimkuta ameshachagua.

"Zima," alisema.

"Kesho."

Tumlaumu, lakini tumlaumu kidogo. Angekuwa mwingine angezima siku ile. Yeye alimpenda mkewe, na hakuweza kuwa mkono unaomzimia macho mtu anayempenda, hivyo kesho ikaja ikawa kesho nyingine, na mke akashona magauni ya watu, akamaliza hata yale ya viporo, akakata kucha za mumewe, akapanga vikombe kabatini akivigusa kimoja kimoja ili mikono ivikariri, na kila jioni akasema zima, na kila jioni mume akasema taa bado nzuri, tungoje, huenda atachoka, huenda ameridhika hapo alipofika, wakati ukutani shavu lilikuwa limekuja lote, na pembe ya mdomo, na pua nyembamba, na kope moja yenye maji, na ile harufu ya nguo mbichi ilikuwa imeingia kwenye magodoro na kwenye unga na kwenye nywele za mke mwenyewe, na usingizini Pichapicha alisikia feni ikizunguka hata mashine ilipokuwa imezimwa imefunikwa, taratibu, kama mtu anayepumua akijizuia asisikike.

Mkewe ndiye aliyemaliza ubishi. Alikuwa anashona, hakuinua kichwa wala hakugeuka.

"Amebakiza jicho moja," alisema.

Pichapicha alitazama. Ilikuwa kweli. Na kisogo cha mkewe kilijuaje?

"Njoo ukae hapa kwenye mwanga," mkewe alisema. "Nikutazame, halafu uzime."

Akaja, akakaa. Mkewe alimshika mashavu kwa mikono miwili akamtazama, paji la uso, makovu ya chunusi za ujanani, jino lililovunjika, akachukua muda wake wote, na mume alijitahidi asilie kwa sababu hakutaka uso wa mwisho aonao mkewe uwe umekunjamana. Alishindwa. Mkewe alimfuta kwa kanga, akatikisa kichwa mara moja.

Aliizima kama mashine inavyostahili kuzimwa, kitufe mara mbili. Mwanga ukafa. Halafu akaitoa taa ikiwa bado ya moto, ikamuunguza viganja, akaipasua sakafuni. Lenzi aliiponda kwa jiwe la kuzuilia mlango. Akabomoa kila kilichobomoka, akakiweka kwenye mfuko. Kisha akafungua mapazia, na jua la mchana likaingia sebuleni kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Ukutani hapakuwa na kitu. Rangi tu, na msumari.

"Umezima?" mkewe aliuliza.

"Nimezima. Kumekwisha."

Mkewe alikuwa ametazama ile pembe, macho yamefunguka wazi kwenye jua.

"Kila kitu kimezimika," alisema. "Yeye hajazimika."

Walihama nyumba. Haikusaidia, kwa sababu hakuwa ukutani tena, alikuwa ndani ya giza la mke, peke yake, akiwaka. Mganga hakuja alipoitwa mara ya pili. Daktari alimulika akasema vilevile. Pichapicha aliacha kazi za picha akawa anapaka rangi majumba ya watu, na kila asubuhi kabla ya kutoka alimnawisha mkewe, akamketisha kwenye kiti cha mgongo mrefu, akamuuliza, leo yuko wapi? Mkewe alimwambia. Bado ameketi. Amesimama. Amegeuka wote, ananitazama, hana ubaya usoni. Amesogea. Amekaa karibu nami kama wewe ulivyokaa. Yalikuwa maneno ya kuogofya, lakini mume aliyashikilia, kwa kuwa alijua kwamba siku mkewe anapomsimulia, siku hiyo bado ni mkewe, wako wawili upande mmoja na yule upande wa pili. Alikwenda kazini akiwa na hilo tu.

Asubuhi moja ya kawaida kabisa, chai iko mezani, alimuuliza kama siku zote. Mkewe hakujibu. Uso wake ulikuwa umeelekea mahali pasipo na kitu, umetulia, kama wa mtu aliye katikati ya mazungumzo anayengoja mgeni aondoke ili aendelee. Pichapicha akauliza tena, akapiga magoti, akamshika mikono. Ilikuwa baridi na mibichi.

"Niambie basi. Leo yuko wapi?"

Mkewe alimwonea huruma. Hilo lilisikika kwenye sauti.

"Amenikataza kukuambia."