Saa Ilisema Hongera

Kila alasiri, akishatoka chuo cha Kurani na kuvua buibui lake, Shaima alichukua kipepeo cha ukili akachutama uani mbele ya seredani, jiko dogo la makaa. Kazi yake ilikuwa kuwasha makaa na kuyapepea mpaka yawe mekundu, yasitoe hata uzi wa moshi, kisha kuyapandisha ghorofani kwa Bi Ummukulthum. Nyumba yao ya Mkunazini ilikuwa na ngazi ndefu za mbao. Shaima alikuwa na miaka kumi na mitatu na mwili mnene, na kila alipofika juu alikuwa akihema.

"Huyo anakuja! Nnamsikia tangu kidaraja cha kwanza," Nadra alisema kutoka chumbani, na wanawake waliokuwamo wakacheka.

Nadra alikuwa binti wa ami yake. Kazi yake ilikuwa mapokezi katika hoteli moja ya Kiwengwa, lakini siku hizo alikuwa amewekwa ndani akingoja harusi yake. Bi Ummukulthum ndiye aliyekuwa somo wake, mwanamke aliyekabidhiwa kumfunda na kumtayarisha bi harusi. Alimsugua singo, unga wa liwa wenye harufu nzuri, mwili mzima, akamfukiza udi juu ya makaa, akamlisha bokoboko na maziwa yenye zafarani ili anenepe kidogo na kung'ara. Shaima aliyaona yote hayo. Katika nyumba ile ile, mtu mmoja alibembelezwa anenepe, na mwengine akichota mchuzi mara ya pili aliambiwa, "Basi we! Utapasuka."

Jambo lililomchoma zaidi lilitokea dukani kwa Fundi Borafya, mshonaji wa sare ya harusi. Wanawake wote wa ukoo walikuwa wameshonewa kitambaa kimoja cha rangi ya zambarau. Shaima alipojaribu gauni lake, likakwama mabegani. Fundi Borafya alijitupia mkanda wake wa kupimia shingoni akatikisa kichwa.

"Bi Faiza," alimwambia mama yake Shaima, "ungeniambia mapema kama nnashona gauni au turubali."

Duka zima likaangua kicheko. Shaima alimtazama mama yake amtetee. Mama naye akacheka.

"Umesikia?" Mama alisema akijifuta machozi ya kicheko. "Kitambaa chengine hakuna. Kama halikutoshi siku ya harusi, utakaa jikoni na masufuria."

Walisema kwa mzaha, na walipofika nyumbani walikuwa wameshasahau. Shaima hakusahau. Usiku ule hakula, akasema tumbo linamuuma.

Kesho yake alipopandisha makaa, alimkuta Nadra amekunja uso, ameishika saa yake nyeusi ya mkononi. Ilikuwa saa ya kuhesabu hatua na mapigo ya moyo, aina ambayo wageni wa hotelini walipenda kuivaa.

"Kutwa kucha inanisumbua. Simama! Tembea! Nitembee wapi mie na nimefungiwa humu kama kuku wa kutamia?" Nadra alisema. Akamrushia. "Haya, chukua wewe ukanitembelee. Huenda ukapungua."

"Inapunguza kweli, dada Nadra?"

"Saa haipunguzi, bibi we. Inapunguza yoga ya joto. Kule hoteli kuna chumba kinapashwa moto, kimefungwa gubigubi, wageni wanajinyoosha humo wanatoka jasho utasema wamenyeshewa. Joto ndilo linaloyayusha mafuta. Mie mwenyewe nlikuwa naingia." Akamwonesha video kwenye simu, kisha akarudi kutazama mitindo ya hina. Maneno yale yalimtoka kama mtu anavyotema kokwa la zambarau, wala hakutazama limeangukia wapi.

Shaima alikuwa na rafiki mmoja wa kweli, Amne, jirani wa mlango wa pili. Amne alikuwa mwembamba kama ufito, na sifa yake skuli nzima ilikuwa moja: akisikia shairi mara mbili, halimtoki tena. Alikuwa amechaguliwa kughani siku ya kufunga skuli. Shaima alipoanza kutembea na saa, Amne alitembea naye. Walizunguka vichochoro mpaka Darajani, wakarudi kupitia Forodhani, Amne akighani na Shaima akifuata kwa hatua:

Kweli haizami chini, ingawa imefichika,
Uizike kaburini, siku moja itazuka,
Uifungie chumbani, mlango utafunguka,
Mwenye kweli mdomoni, hana la kuhangaika.

"Mie beti hii nshaichoka," Shaima alisema siku moja, jasho likimtiririka.

"Ichoke tu, ilimradi miguu isichoke. Na chapati zako za asubuhi usiwe unanipa mie. Utaanguka njiani, nani atakubeba?"

"Wewe."

"Mie? Labda nikuviringishe!" Wakacheka wote wawili, na kicheko kile hakikuuma, kwa sababu Amne alicheka huku amemshika mkono.

Lakini harusi ilikaribia, na gauni lilikwama pale pale mabegani. Ndipo Shaima akaikumbuka ile yoga ya joto.

Alasiri ya Ijumaa Mama alikwenda Kiembe Samaki kualika jamaa nyumba kwa nyumba. Baba alikuwa kazini. Juu alikuwapo Nadra, na Bi Ummukulthum alikuwa akitwanga liwa ukumbini. Chini ya ngazi kulikuwa na ghala la zamani, ambamo babu zao waliweka karafuu. Kuta zake zilikuwa nene za mawe na chokaa, na dirisha lake lilizibwa miaka mingi iliyopita.

"Humu?" Amne aliuliza akichungulia. "Si tutakufa kwa moshi?"

"Moshi uko wapi?" Shaima aliinua seredani amwoneshe. Makaa yalikuwa mekundu, safi. "Mbona Bi Ummukulthum anamfukiza dada Nadra kila siku, na pazia ameshusha? Makaa yakishakolea hayana neno."

Aliliona pazia la kanga likishushwa kila siku, lakini hakuwahi kuingia nyuma yake. Hakujua kwamba kule ndani somo huyaacha madirisha mawili wazi, na mlango haufungi kamwe.

Shaima aliufunga mlango wa ghala akaziba uwazi wa chini kwa matambara. Amne alikaa karibu na seredani akipepea na kughani. Shaima alijinyoosha kama kwenye video: akainua mikono, akainama, akasimama mguu mmoja akayumba. Joto likapanda. Jasho likamtoka, akafurahi. Kichwa kikaanza kumgonga, akafikiri ndiyo mafuta yanayayuka. Moyo ukamwenda mbio. Aliitazama saa: ilitetema, ikawasha nyota za rangi kwenye kioo chake, na katikati ya nyota likatokea neno moja. Hongera.

"Amne! Tazama! Haijapata kusema hivi!"

"Mie kichwa kinanizunguka," Amne alisema taratibu. Alikuwa ameacha kughani.

"Subiri kidogo tu, ulinde moto usizimike. Nnakwenda kumwonesha dada Nadra."

Alitoka, akaurudisha mlango nyuma yake joto lisipotee. Ngazi alizipanda ameshika ukuta, miguu kama si yake.

"Ehee! Umewapita hata wazungu wa Kiwengwa," Nadra alisema alipoiona saa. "Tazama moyo unavyokwenda! Umefanya nini?"

"Mazoezi," Shaima alisema, akakaa chini apumzike. Alikaa akisifiwa, na ilikuwa mara ya kwanza kusifiwa katika chumba kile. Aliona tamu. Hakunyanyuka mpaka aliposikia sauti ya Bi Ummukulthum kutoka ukumbini.

"Shaima!"

"Naam, Bi."

"Seredani yangu iko wapi? Makaa ya leo sijayaona."

Shaima alihisi uso ukimwaka moto. Makaa ya bi harusi alikuwa ameyachukua kwa siri, tena amemtia mtoto wa watu ghalani. "Sijaiona, Bi."

"Na Amne? Si nlimsikia anaghani huko chini?"

"Keshakwenda kwao."

Bi Ummukulthum alimkazia macho. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mikono iliyokauka kwa liwa, na hakuwa mwepesi wa kudanganywa. Lakini alikuwa na kazi, akageuka akarudi kwenye kinu. Mchi ukapiga mara moja, mara ya pili, ukaendelea. Shaima alisimama akiusikiliza. Chini hakukuwa na sauti ya Amne wala ya kipepeo.

Ghafla akatapika pale pale ukumbini.

"Una nini wewe?" Bi Ummukulthum alimshika bega.

"Amne yumo ghalani!" Shaima alipiga kelele. "Yumo na seredani! Nimefunga mlango!"

Mchi ulianguka. Bi Ummukulthum alishuka ngazi zile kama msichana. Aliusukuma mlango, akavuta pumzi kwanza, akaingia, akatoka akimburura Amne kwa makwapa. Kichwa cha Amne kilining'inia. Macho yake yalikuwa nusu wazi, na hayakuwa yakitazama kitu.

Gari haingii katika kichochoro kile. Wazee waliokuwa wakicheza dhumna barazani waliacha kete zao, wakamweka Amne juu ya benchi walilokalia, wakambeba mbio mpaka barabarani. Bi Riyama, mama yake Amne, alitoka mlangoni mwake na unga wa ngano mikononi, akawafuata bila hata mtandio. Kilio chake Shaima alikisikia kikienda mbali, kikikata kona, kikipotea. Mkononi mwake saa ikatetema tena. Aliivua akaitupa sakafuni.

Amne hakufa. Hospitali walimtia hewa safi kwa mpira siku ile na usiku ule, na kesho yake alimjua mama yake. Shaima pia alilazwa akatazamwa, akaruhusiwa mapema. Aliporudi nyumbani alikwenda mlango wa pili, akabisha.

"Shikamoo, Bi Riyama. Nimekuja kuomba radhi."

Bi Riyama hakuitikia marahaba. "Mwanangu ananiuliza kitu kimoja mara tatu kwa siku," alisema. "Daktari anasema huenda kumbukumbu ikarudi yote, huenda isirudi. Radhi nimeisikia. Sasa nenda kwenu, na hapa usije."

Mlango ukafungwa.

Jioni ile Bi Ummukulthum aliwakalisha wote chumbani kwa Nadra: Mama, Nadra, na Shaima katikati.

"Makaa yana hewa ya sumu," alianza. "Haionekani, hainuki, na makaa mekundu yasiyo moshi ndiyo yanayohadaa watu. Ndiyo maana mie siwashi seredani pasipo dirisha wazi. Ungeniuliza ningekwambia. Hukuuliza, ukatazama pazia."

Shaima aliinamisha kichwa.

"Na saa yako hiyo inahesabu mapigo ya moyo tu. Haijui moyo unapigia nini. Ulikuwa unakufa, nayo inakupongeza. Lakini hilo lilikuwa kosa la kutojua, na kutojua kunasameheka. La pili ulilijua. Nilikuuliza Amne yuko wapi. Uongo wako ulikuwa mfupi, lakini mwenzio alikuwa ndani anauvuta kama hewa."

Shaima alilia bila sauti. Mama alinyanyua macho akatazama dari.

"Usitazame dari, Faiza," Bi Ummukulthum alisema. "Nawe Nadra weka simu chini. Mtoto hakujifungia ghalani kwa sababu ya joto. Amekimbia vicheko vyenu, na vyangu, maana nami nilicheka. Anatembea, anapanda ngazi, anakua. Huo mwili unajengwa bado. Gauni likibana, hufumuliwa mshono likaongezwa. Mtoto hapunguzwi akatoshea gauni."

Mama aliinuka akalileta gauni la zambarau.

Harusi ilifanyika. Bi Ummukulthum alilikata pindo la sare yake mwenyewe, likaongezwa mabegani mwa gauni la Shaima, likamtosha. Alikaa mbele na wanawake wenzake, si jikoni. Kiti cha pembeni yake alichokuwa amemwekea Amne kilikaliwa na mtu mwengine.

Siku ya kufunga skuli, Amne alipanda jukwaani. Alikuwa amepungua zaidi, na sauti yake ilitoka nyembamba. Alighani mshororo wa kwanza, akaghani wa pili. Kisha akakwama. Midomo ilichezacheza. Alitazama juu, akatazama viatu vyake. Nyuma mwanafunzi mmoja akaanza kucheka.

Shaima alisimama mahali pake. "Uifungie chumbani," alisema kwa nguvu, "mlango utafunguka."

Ukumbi mzima uligeuka. Amne alimtazama, akavuta pumzi, akamaliza beti. Watu walipiga makofi.

Walipotoka, Shaima alimfuata mpaka getini. "Amne."

"Ningelikumbuka mwenyewe," Amne alisema, akaenda zake.

Mama alitoka na wazazi wengine, akamkuta Shaima amesimama pale pale. Alimshika mkono, wakatembea.

"Usimkimbilie," Mama alisema. "Umeomba radhi, na kuipokea ni kwake, siku atakayotaka, au asitake kabisa. Wewe kazi yako ni moja, mwanangu. Ukiulizwa, sema kweli pale pale, ingawa unaogopa. Kweli ikichelewa kidogo tu, mwenzio ndiye anayelipa."

Shaima alitikisa kichwa kukubali. Walikata kona, wakapita mbele ya duka la Fundi Borafya. Fundi alikuwa mlangoni, mkanda wake shingoni, ameshaanza kutabasamu.

"Bi Faiza! Vipi, turubali lilitosha?"

Wateja walicheka, wakamtazama Mama wacheke naye. Mama alisimama. Hakucheka.

"Fundi," alisema, na sauti yake ikasikika mpaka barazani ng'ambo, "mkanda huo ni wa kupimia nguo. Mwanangu usimpime."

Mama aliukaza mkono wa Shaima, wakaendelea na njia yao, hatua kwa hatua, na hapakuwa na aliyezihesabu.