Mkono Ulioweka Kikombe

Duka la vifaa vya simu lilifurika watu, na hedifoni ilibaki moja tu. Upande mmoja ilishikwa na mwalimu wa historia, mwanamke aliyevaa gauni la kijani lililopauka mabegani, na viatu vya kazini ingawa ilikuwa likizo. Upande wa pili ilikamatwa na mwanamume mrefu wa shati jeupe, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu muhula uanze.

"Chukua wewe, dada. Mimi nitabana simu sikioni."

"Kaka, usinifanyie wema asubuhi hii. Sina nguvu ya kushukuru."

Akacheka. Mwalimu naye akajikuta anacheka, akashangaa.

Kesho yake yakaanza mafunzo ya likizo kwa njia ya mtandao. Walimu wa historia walitakiwa kujifunza kufundisha kwa vyanzo vya awali, yaani picha, barua na hati za watu walioyaona mambo kwa macho yao. Walimu wenyewe walikuwa hoi bin taaban; wengine waliwasha kamera wakiwa wamejilaza, wala hawakuona haya. Na katika kijisanduku kimoja cha skrini alikuwamo yule wa shati jeupe, simu imembana sikio kama dalali.

Mwalimu alimwandikia kumpa pole ya sikio. Akajibiwa kwamba sikio hilo limezoea, linafundisha darasa la wanafunzi themanini. Tangu hapo simu hazikukatika. Walipigiana jioni kusaidiana kazi za mkufunzi. Kazi inaisha, maongezi hayaishi. Mwalimu alimwita Sikio, naye akaitwa Bibi Kijani.

"Wewe unanipumzisha," Sikio alimwambia jioni moja, na Mwalimu akasahau kwamba bando analilipia yeye.

Alikuwa ameolewa zamani. Mtaa mzima ulijua mumewe ana nyumba ya pili, yeye akawa wa mwisho kujua, wakaachana. Akajiapiza kwamba hilo halitamkuta tena.

Kwa hiyo siku ile katikati ya kipindi, mkono wa mwanamke ulipoingia kwenye kijisanduku cha Sikio, umejaa bangili, ukaweka kikombe cha chai, ukampangusa makombo begani na kutoka, Mwalimu alizima kamera. Jioni simu ikaita, hakupokea. Ikaita tena, akaizima na kulala na gauni lake. Alimpenda yule mtu, na alikuwa amechoka hata kulia.

Wiki ya mwisho mkufunzi aliwagawa wawili wawili. Kila mmoja alete picha ya nyumbani, mwenzake aihoji. Mtandao haujui aibu; ukamtupa Mwalimu chumba kimoja na Sikio.

Sikio alisalimia kwa adabu, kisha akaweka picha aliyoitoa kwenye rekodi ya kipindi: yeye, kikombe, na mkono wenye bangili.

"Ihoji," alisema.

"Ya nini? Naona mke."

"Unaona mkono. Mwanafunzi wako akijibu hivyo utampa alama ngapi?"

Mwalimu aliitazama tena picha. Kisha akauliza kwa sauti ya darasani, "Kuna chanzo kingine?"

"Kipo. Dada, njoo."

Mwanamke mwenye bangili aliinama mbele ya kamera, pua ile ile, macho yale yale ya usingizi. "Wifi," alisema, "mimi ni dada yake mkubwa. Nimekuja kupumzika likizo, sasa naambiwa nimevunja nyumba ambayo haijajengwa." Akajiondokea zake.

Mwalimu alijifunika uso. "Zamani niliona ushahidi wote nikaupuuza. Safari hii nimeona mmoja nikauamini."

"Ungeniuliza."

"Niliogopa jibu. Na nimechoka, Sikio. Nimechoka kuanza upya."

"Mimi pia nimechoka. Sina raha ya kukuahidi. Ila nataka tuchoke nyumba moja, tuoane."

Mwalimu alibonyeza kitufe cha kukata sauti ili asisikike akilia. Alilia kidogo, akajifuta kwa kiganja, akamtazama na kumjibu.

Sikio alisogea karibu na skrini. "Bibi Kijani, umezima sauti."

Akaiwasha.

"Nimesema sawa," alirudia. "Lakini chai utapika wewe."